Uanagenzi wa Lishe na Azma ya Kijana
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya ukumbusho wa Chama)



Nimetakiwa niwaeleze vijana habari za utaalamu wa lishe. Nami nitashika sehemu moja tu, nayo ni ule muda ambao mwanafunzi, akiisha kumaliza vitabu, hupelekwa hospitalini kujifunza kwa mikono yake. Huo ndio uanagenzi. Wazazi wengi hudhani kuwa ni muda wa kungojea cheti tu. Sivyo. Aghalabu hapo ndipo azma ya kijana inapogeuka.

Wengi huingia katika elimu hii wakitamani kiwanda cha vyakula ama ofisi ya mjini. Mimi niliingia kwa nia ya kukaa maabara nikipima unga na mafuta. Lakini uanagenzi haumwulizi mtu nia yake. Humpitisha katika milango mitatu: wadi ya watoto, wadi ya watu wazima na vijijini.

Katika wadi ya watoto hukutana na kwashiorkor. Maradhi haya Daktari Cicely Williams aliyaeleza mwaka 1933 huko Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, na jina lenyewe latoka katika lugha ya Waga wa huko. Lamhusu mtoto aliyeondolewa kifuani kwa mama kwa kuwa mdogo wake amekuja. Amwonapo amevimba miguu, kila mtu hutamani kumshibisha upesi. Kumbe akilishwa kwa pupa huweza kufa. Huanzishwa kwa maziwa maalumu yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana. Hali ikitulia, ndipo hupewa yenye kilokalori 100. Hesabu iliyofanywa darasani kwa ajili ya alama, hapo hufanywa kwa ajili ya roho ya mtu.

Katika wadi ya watu wazima humkuta mgonjwa wa kisukari, naye hujifunza kusikiliza kabla ya kusema. Karatasi iliyojaa majina ya vyakula ambavyo mgonjwa hajapata kuviona sokoni haimfai kitu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mzee huuliza: Nifunge, nisifunge? Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula, lakini wengine hufunga na kubadili saa za dawa kwa rai yao wenyewe, kisha wakafuturu kwa vitu vitamu tupu. Mwanagenzi hufahamu kwamba yapasa mzee huyo amwone daktari mapema, kabla mwezi haujaandama.

Mlango wa tatu ndio ulionigeuza mimi. Mwaka 1965, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, ilianzishwa nyumba ya lishe iitwayo Mwanamugimu, maana yake kwa Kiganda ni mtoto mwenye siha. Fikira yake ni kwamba kumponya mtoto, kisha kumrudisha kwenye chungu kile kile, ni kuchota maji kwa pakacha. Basi mama hufundishwa kupika kitobero, yaani matoke ama viazi vilivyochanganywa na maharage ama karanga, pamoja na samaki ama maziwa. Vitu anavyoweza kuvipata shambani na sokoni kwake. Nilipokwenda vijijini kufundisha hayo, nikaona mama anashika sufuria na kunisahihisha kwa yale ayajuayo, nia ya maabara ilinitoka. Nimebaki katika kazi hiyo hata leo.

Mwingine hupita milango hiyo akaona kwamba hawezi kuvumilia wadi. Hilo nalo ni faida, wala si aibu. Heri alijue akiwa mwanagenzi kuliko baada ya miaka kumi.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kijana akirudi nyumbani na azma mpya, msimkasirikie. Mwulizeni ameona nini. Na Chama chetu, kikiweza, kiwakumbuke wanagenzi kwa nauli na malazi, maana wengi hawana mshahara, na wengine huacha njiani kwa kukosa chumba cha kulala. Elimu bila amali ni kama mti usiozaa matunda.