Mpatanishi Hali Kiapo cha Chuki: Wajibu wa Mkristo wa Mlima Kenya

Mada kwa semina ya viongozi wa makanisa, Nyeri



1. Utangulizi

Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Tayari ziko nyumba ambamo baba na mwana hawasalimiani kwa ajili ya vyama, na mazishi yamegeuzwa majukwaa ya matusi. Katika Mathayo 5:9 Yesu anawahesabu wapatanishi kuwa wana wa Mungu. Hoja yangu ni kwamba mpatanishi ana msimamo: hakubali kuapishwa amchukie jirani, wala hanyamazii dhuluma.

2. Waliotutangulia

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, familia za mlimani zilipasuka: huyu yuko msituni Nyandarua na Mau Mau, ndugu yake ni Home Guard, mgambo wa serikali ya kikoloni. Waliodai ardhi yao walidai haki. Hata hivyo, Wakristo wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakakataa pia bunduki ya serikali. Pande zote mbili ziliwashuku, na wengine waliuawa. Kanisa Kuu la Mtakatifu James, Murang'a, lilijengwa kwa kumbukumbu yao. Ukutani mle, mwaka 1959, Elimo Njau alichora maisha ya Yesu, na Yesu huyo ni Mwafrika aliye katikati ya watu na vilima vya hapa. Aliyetoka kizuizini na aliyekuwa Home Guard waliweza kusimama mbele ya Bwana mmoja anayefanana nao wote.

Mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, viapo vya kikabila vilirudi. Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian (PCEA), ambaye ujanani alikuwa amekula kiapo cha Mau Mau, alisimama na viongozi wenzake kuvipinga hadharani.

Naye Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana, kutoka Kirinyaga, alikemea wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea. Aprili 1989 wavamizi waliingia nyumbani kwake usiku. Aliponea juu ya paa, akipiga kelele hadi majirani wakaja. Hakuacha kuhubiri.

3. Jeraha la ardhi

Chuki zetu nyingi hazikuanzia kwenye vyama. Mashamba yalipounganishwa na kugawanywa upya miaka ya 1950, wanaume wengi walikuwa vizuizini. Waliporudi, baadhi walikuta mipaka imehama na waliobaki wamejipatia zaidi. Wajukuu wao leo wanakaa benchi moja kanisani na hawapeani mikono. Kuwaambia wasahau hakutoshi. Zamani wazee walipopima mpaka walipanda matoka, mimea ya kuonyesha mpaka, mbele ya majirani wote, ili asiwepo wa kukana baadaye. Upatanisho nao unataka mashahidi na ukweli uliotamkwa.

4. Mapendekezo

(a) Mimbari ibaki ya Neno. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alizuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya Kianglikana. Madhehebu yote yashike msimamo huo, hata mwanasiasa anapokuja na bahasha nono ya harambee.

(b) Tufuate Mathayo 18: mwendee ndugu yako faraghani, kisha na mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Wengi wetu tunaanzia kwa chifu au kwenye kundi la WhatsApp.

(c) Kila parokia na parishi iwe na wazee na akina mama wanaoaminika wa kusikiliza kesi za mipaka na urithi. Mjane anayefukuzwa shambani asimamiwe na kanisa waziwazi.

(d) Nanyuki na Kieni tunaishi na Wameru, Wasamburu, Wamaasai na Wasomali. Mhubiri anayewasema vibaya majirani hawa aonywe na wenzake siku hiyohiyo.

5. Hitimisho

Waliokataa kiapo cha chuki walilipa gharama, na sisi tusitarajie amani ya bure. Nawasihi: kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amwendee mtu mmoja ambaye hasalimiani naye. Kiongozi asiyeweza kufanya hivyo nyumbani kwake hana neno la kuwaambia Wakenya mwaka 2027.