Maji yanapimwa, hayabahatishwi
Hotuba yetu mbele ya wakaaji wa Kasomeno



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba na biashara kidogo ili tuongee. Wengi kati yetu tulimaliza iniversite na kazi hatuna, lakini masomo hayakutoka kichwani. Leo tunaleta kwenu habari ya maji: vile wataalamu wanajua kama yanapanda ao yanashuka.

Juu ya nini tunaongea hayo hapa, na bahari iko mbali? Juu hapa Kasomeno njo barabara zinaachana: moja inaenda Kasenga kwenye Luapula, ingine inaelekea Pweto kwenye ziwa Moero. Wengi wenu muko na familia kule. Na sisi wote tulisikia ya Kalemie na Uvira: mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia mu manyumba, watu wakahama. Tangu siku ile maneno mengi yanatembea. Tuchukue manne.

La kwanza: "Mayi ya bahari njo inapanda mpaka huku." Hapana. Uso wa Tanganyika uko zaidi ya mita 760 juu ya bahari, na Moero linapita mita 900. Maji hayapandi mlima. Ni kweli bahari inapanda: tangu 1993 imeongezeka karibu sentimita 10. Sababu kubwa ni mbili: maji yakipata joto yanapanuka, na barafu iliyo juu ya nchi kavu, kule Greenland na Antaktika, inayeyuka na kuingia baharini. Hiyo inawagusa ndugu zetu wa Moanda, penye Kongo iko na pwani ya kilomita kama 40 tu. Ziwa liko na hesabu yake: hesabu mvua na mito inayoingia, toa mvuke unaobebwa na jua, toa mto unaotoka. Tangu 2019 mvua kubwa zilirudi-rudi upande wetu wa Afrika, na ziwa likajaa.

La pili: "Mawimbi inaruka kila saa, banapima namna gani?" Namna ya zamani ni mti wenye alama za sentimita uliosimikwa majini. Mtu anasoma kila siku, anaandika, kiisha anatafuta kati ya namba zote. Wimbi la leo linapotea, mwendo wa miaka unabaki. Namna ya pili ni satelaiti. Tangu 1992 kuna zile zinazozunguka kilomita 1,336 juu yetu. Satelaiti inatuma mlio wa rada, unagonga maji, unarudi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukijua muda, unajua umbali. Ukijua satelaiti iko juu kiasi gani, unajua maji yako wapi. Inarudi pale pale kila siku 10 hivi. Maziwa makubwa kama Tanganyika nayo yanapimwa vile.

La tatu: "Beko banatabiri kama manabii." Nabii anatoa neno moja. Mtaalamu anatoa hesabu yenye mipaka. Kwa bahari wanasema: kama dunia inapunguza moshi sana, mpaka 2100 itapanda sentimita 28 hadi 55, kama moshi unazidi sana, sentimita 63 hadi 101. Namba ni mbili juu matendo ya watu hayajulikani bado. Hiyo si kubahatisha, ni kusema ukweli wote.

La nne: "Kuko mutu alifunga Lukuga." Lukuga ni mlango wa Tanganyika, pale Kalemie. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa na udongo na majani, bila mtu yeyote kuufunga. Ziwa likapanda, karibu 1878 maji yakapasua, na miaka iliyofuata yakashuka mita kama 10. Kwa hiyo kusafisha mlango kuna maana. Lakini sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika inatoka kwa mvuke, kwa hiyo Lukuga peke yake haitaponya mtu. Na tukumbuke: ziwa likirudi nyuma, halijaacha shamba lake. Mwenye kuuza kiwanja pale maji yalifika jana anauza hatari, hata kama iko na makaratasi.

Sasa tunaomba nini? Maji ya Luapula yanatoka Zambia, yanapita mabwawa ya Bangweulu, na kule yanachelewa. Mvua ya kule inaweza kutuambia mbele ya wakati. Tunaomba RVF na METTELSAT: vipimo vya Kasenga, Kilwa na Pweto visomwe kila siku na vitangazwe kwa redio, kwa Kiswahili na Kibemba. Namba iliyofungwa mu ofisi haiokoi mtoto.

Na sisi raia tusingoje tu. Vijana wa kando ya mto wanaweza kusimika mti, kuweka alama, na kuandika kila asubuhi mu kaye. Tuko tayari kuwafundisha bure. Siku mkubwa atasema "hatukujua", tutafungua kaye tumuonyeshe.