Usiku Mmoja Horombo

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache ya kuwafaa vijana. Habari za ofisini nitaziacha. Nitasimulia safari yetu ya mwaka 1998, tulipokuwa kidato cha tano, ya kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu.

Sisi watoto wa Temeke na Kinondoni mlima tulioujua ni vilima vya Pugu. Siku ya kwanza tulipita msituni hadi Mandara, mita 2,700 hivi juu ya bahari. Siku ya pili msitu ukaisha, tukavuka vibonde vya vichaka hadi Horombo, mita 3,700 hivi. Pale pana vibanda vya mbao. Ndani ni vitanda na magodoro, basi. Zamani vituo hivyo viliitwa Bismarck na Peters. Leo vina majina ya watawala wa Kichaga, na ndivyo inavyostahili.

Usiku ule kichwa kiliniuma, nikatapika. Nikanyamaza, maana niliogopa kuchekwa shuleni. Asubuhi vidole vilishindwa kufunga kamba za viatu. Mwenzangu wa dawati moja aliona, akaenda kumwambia kiongozi wetu. Nilimwita msaliti mbele ya wote.

Kiongozi alisema, "Huyu ashuke sasa hivi." Ugonjwa wa kimo hautaki ushujaa, dawa yake ya kwanza ni kushuka. Wengine waliendelea kwenda Kibo. Mwenzangu yule alijitolea kunisindikiza pamoja na msaidizi wa kiongozi, akabeba na mzigo wangu. Tulipofika Mandara kichwa kilikuwa kimetulia, nikaomba uji. Yeye Kilele cha Uhuru hajakiona mpaka leo. Nami sikumshukuru, nilikuwa bado nimenuna.

Vijana, katika utumishi wangu serikalini nimeona kazi nyingi zikiharibika kwa sababu mtu aliona kosa akanyamaza, asije akaitwa msaliti. Ukiumwa, sema. Ukiona mwenzio anaumwa, sema, hata akikutukana.

Ndugu yangu huyo ameketi hapa, safu ya tatu. Nimechelewa mno, lakini nasema mbele ya wote, kama nilivyomtukana mbele ya wote: ahsante, na unisamehe.