Jubilii Huanza kwa Toba





Leo tumevaa sare mpya na tunasherehekea. Lakini ukisoma Mambo ya Walawi 25, utaona kwamba baragumu ya Jubilii ilipigwa Siku ya Upatanisho. Toba ilitangulia, shangwe ikafuata. Na mwaka huo, aliyekuwa ameuza shamba la ukoo wake alirudishiwa.

Kutubu ni kugeuka. Ukiwa Ruiru unataka kwenda Thika, kisha ugundue umepanda matatu ya Nairobi, unaweza kusikitika hata kulia. Usiposhuka ukavuka barabara, utafika Nairobi na machozi yako.

Ndugu wa Uamsho walilijua jambo hili. Uamsho ule ulitoka Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama dhambi zao, wakaenda kurudisha walichoiba na kupatana na waliowakosea. Tukutendereza, wimbo wao, uliimbwa mtu akiisha kuungama.

Sisi wanakwaya tuna hatari yetu. Tunaweza kuimba juu ya msamaha kwa sauti nne, na sauti ya pili haisalimiani na ya tatu. Nasema ninalolijua. Mwaka mmoja nilimsema mwenzetu vibaya juu ya pesa za sare. Baadaye niligundua hakuwa na kosa. Nilimwomba Mungu msamaha usiku, lakini yeye sikumwambia neno. Kwa miezi mingi tulisimama mstari mmoja kila Jumapili.

Mwishowe nilikwenda kwake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia: "Mimi nimekusamehe. Sasa nenda kwa wale uliowaambia." Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikimrudishia jina lake.

Wapendwa, Yesu alisema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako madhabahuni, ukapatane naye kwanza. Sadaka ya kwaya ni wimbo. Kabla hatujasimama kuimba leo, kama kuna mtu unayepaswa kumwendea, inuka umwendee. Tutakungoja.