Kilti ya Bohari ya Jeshi na Kilti ya Kuiga: Ipi Inunuliwe?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Nimepewa idhini ya kusema machache juu ya kununua vazi la Waskoti liitwalo kilti, yaani lile vazi la sufu lenye miraba na marinda, livaliwalo na wanaume kutoka kiunoni hata magotini. Huenda mtu akauliza, karani ana haja gani na vazi la watu wa mbali? Namjibu kwamba pwani yetu yalijua tangu zamani. Katika siku za ngoma ya beni, Mombasa kulikuwa na chama kilichoitwa Scotchi, kilichoshindana na chama cha Kingi, nacho kiliiga mavazi ya askari wa Kiskoti. Tena swali lenyewe ni letu sote. Kila aliyepata kusimama mbele ya lundo la makabuti ya askari ameulizwa nafsini mwake: je, nichukue hili kuukuu lililo la kweli, au lile jipya lililofanana nalo?

Kwanza yafaa tujue kwa nini jeshi likawa mtunzaji wa vazi hili. Mwaka 1746, baada ya maasi ya Waskoti kushindwa, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume wa Uskoti kuvaa mavazi yao ya milimani. Sheria ile haikuwahusu askari waliomtumikia Mfalme, wala haikufutwa hata mwaka 1782. Basi kwa muda wa zaidi ya miaka 30 askari akavaa kwa amri kile ambacho ndugu yake nyumbani alikatazwa. Hivyo kila kikosi kikawa na miraba yake. Kikosi cha Gordon kilitia mstari wa manjano katika miraba ya rangi ya kijani na buluu, na Seaforth wakavaa miraba ya Mackenzie yenye mistari myeupe na myekundu.

Mwaka 1939 amri ilitoka kwamba kilti isivaliwe tena vitani, na sababu mojawapo ni kwamba haikingi miguu na hewa ya sumu. Ilibaki kuwa vazi la gwaride. Mwaka 1961 Seaforth waliunganishwa na Cameron, na mwaka 1994 zamu ya Gordon ikafika. Mwaka 2006 vikosi kadhaa vya Uskoti vya askari wa miguu vikafanywa kikosi kimoja, chenye miraba ya namna moja. Kwa hiyo kilti nyingi za zamani zilitoka bohari zikauzwa, na zile za vikosi vilivyokwisha hazitengenezwi tena kwa wingi kama zamani. Kila mwaka nondo hula nyingine.

Sasa tuitazame kilti ya jeshi yenyewe. Sufu yake ni nzito, kwa kawaida wakia 18 au zaidi kwa kila yadi, ilhali kilti nzito ya raia ni kama wakia 16. Marinda yake ni mengi na ya kina, kwa kuwa kilti kamili hula kama yadi 8 za kitambaa chembamba. Mara nyingi marinda hayo yamepangwa kwa mstari: ukimtazama askari wa Gordon kwa nyuma, waona mistari ya manjano imesimama sawasawa kama safu ya gwaride. Kilti ya raia aghalabu hupangwa ili miraba iendelee bila kukatika. Upande wa chini wa kilti njema hauna upindo wa sindano, bali ndio ukingo wenyewe uliofumwa kiwandani, usiofumuka.

Lakini sifa hizi zisitupofushe. Kilti ya bohari ilishonewa kijana wa jeshi, mwembamba wa kiuno, nasi wengine tumekaa mezani miaka mingi. Ilivaliwa na wengi, ikaloa jasho na mvua, mikanda yake ya ngozi ikakauka. Pengine fundi wa kikosi aliipunguza au kuipanua mara kadhaa. Wala huwezi kuagiza kipimo upendacho. Wachagua katika kilichopo.

Kilti za kuiga nazo ni za namna mbili, na kuzichanganya ni kuwadhulumu mafundi. Ziko zishonwazo na mafundi stadi, kwa sufu halisi na kwa mkono, kwa kipimo cha mvaaji. Hizi ni mpya, lakini si za kudharauliwa. Bei yake ni kubwa kwa sababu kazi yake ni kubwa. Ziko nyingine zishonwazo kwa mashine na kwa wingi. Nyingi hutoka Pakistani, katika mji wa Sialkot, ambao umejipatia jina pia kwa kutengeneza zumari za mfuko. Hizi mara nyingi ni za nyuzi za viwandani, si sufu. Yadi zake ni chache na marinda yake mafupi. Yule fundi wa Sialkot hana kosa lo lote akisema, "Hii ni ya nyuzi za kiwandani, na bei yake ni ndogo." Kosa ni la mchuuzi wa katikati aitiaye alama ya kikosi na kuiuza kwa jina la jeshi.

Basi mnunuzi afanyeje? Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walakini siku hizi kibaya nacho hujipamba. Kwa hiyo mtu na apime.

Kwanza, aombe uzi mmoja kutoka ndani ya upindo wa juu, auchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu ya kuvunjika. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu. Pili, aiinue kilti mbele ya mwanga, rinda kwa rinda, maana tundu la nondo hujificha ndani ya marinda. Tatu, ajipime kiunoni penye kitovu, si pale avaliapo suruali, kwa kuwa kilti hukaa juu. Watu wengi hupoteza fedha kwa kutaja kipimo cha suruali. Nne, asome alama. Vitu vya kale vya jeshi la Uingereza hupigwa chapa ya mshale, pengine pamoja na herufi WD, na mwaka. Vitu vya miaka ya karibuni vina namba ya bohari yenye tarakimu 13, ambazo ya 5 na ya 6 ni 99, ndiyo alama ya Uingereza. Hapa karani ana nafasi kuliko wengine, kwa kuwa kusoma daftari na namba ndiyo kazi yake. Lakini na atazame uzi ulioshonea kibandiko, maana kibandiko cha kweli chaweza kushonwa juu ya nguo ya uongo.

Jambo la tano ndilo lililonisimamisha hapa. Mnunuzi na adai stakabadhi, iandikwe wazi: sufu au si sufu, ya jeshi au ya kuiga. Mwuzaji mwaminifu haogopi wino. Akikataa kuandika kile alichokisema kwa ulimi, mmekwisha kuijua bidhaa yake. Mshahara wetu hufika mara moja kwa mwezi, nao una karo ya watoto na kodi ya nyumba ndani yake. Haufai kwenda kwa mtu anayeuza jina badala ya nguo.

Sasa, ipi inunuliwe? Sisemi neno moja kwa watu wote. Bendi ya watu 12 inayotaka kufanana isitafute bohari, kwa kuwa haitapata vipimo 12 vya miraba mimoja na rangi isiyopauka. Na iagize mpya za sufu. Mtoto anayekua apewe ya bei ndogo. Mtu mmoja anayetaka vazi la kudumu, naye akapata la bohari la kipimo chake lisilo na nondo, alichukue bila kusitasita. Alitie ndani ya mfuko katika barafu kali kwa wiki mbili ili mayai ya nondo yafe, abadilishe mikanda, wala asing'oe kibandiko, maana hicho ni kumbukumbu ya aliyetangulia.

Neno la mwisho ni la heshima. Kununua nguo ya kikosi si kununua utumishi wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 inamkataza asiye mwanajeshi kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa. Na hata pasipo sheria, beji na nishani ni za mtu aliyezipata kwa taabu yake. Miraba na ivaliwe, beji na ziachwe. Wazee wetu walisema, nguo ya kuazima haisitiri, na heshima ya kuazima haisitiri zaidi.