Mzee Naye Ana Kiti Darasani

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya wazee, wastaafu na jumuiya ndogo ndogo kutoka Migori na Homa Bay)

Tunajua wengine mmetoka Mbita na wengine Kehancha, na matatu haina huruma kwa magoti ya mzee. Kwa hiyo hatutawaweka hapa mpaka jua lizame. Tuna jambo moja tu leo: masomo ya wazee. Tunasema juu ya wale waliostaafu kazi ya mshahara, na pia wale ambao hawakuandikwa kazi na mtu, lakini miaka yenyewe imewaambia wapunguze jembe.

Tuanze na swali ambalo baadhi yenu mmetuuliza wazi wazi. Mmesema: "Pesa za kikundi ni kidogo. Vijana hawana kazi, karo haijalipwa. Kwa nini tununue chaki na miwani kwa mtu ambaye maisha yake yako nyuma?" Ni swali la haki, wala hatulikasirikii. Tutalijibu kwa mambo tunayoyaona katika kazi yetu, vijijini mwenu.

1. Kidole gumba kinaweza kuuza shamba

Utafiti wa kitaifa wa kisomo uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 nchini Kenya, zaidi ya 38 hawakuwa na kisomo cha kutosha. Wengi wa wazee wetu wamo katika hesabu hiyo. Sasa tazameni makaratasi yanayomzunguka mzee mmoja: kitambulisho, hati ya shamba, kadi ya kliniki, fomu ya chifu, ujumbe wa simu. Yote hayo anasomewa. Na anayemsomea ndiye anayejua yaliyoandikwa.

Mara nyingi msomaji ni mtoto mwema. Lakini si kila mara. Tumekaa na wazee walioweka kidole gumba kwenye karatasi wakiambiwa ni ya mbolea, kumbe ni mapatano ya kuuza sehemu ya shamba. Sheria inataka uuzaji wa shamba la kilimo upate kibali cha Bodi ya Ardhi, na mzee ana haki ya kusimama mbele ya bodi hiyo na kukataa. Lakini atakataaje jambo asilolijua?

Tena kuna simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya mzee imehamia mfukoni. Mwenye miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa katika Inua Jamii anatazamia shilingi 2,000 kwa mwezi. Sasa jiulizeni: namba yake ya siri inajulikana na nani? Mjukuu anaijua, jirani anaijua, hata kijana wa duka anaijua. Halafu unakuja ujumbe: "Nimetuma pesa kwako kimakosa, tafadhali rudisha." Mzee mwenye roho safi anarudisha pesa ambayo haikuingia kamwe.

Jamani, somo la kumkinga halichukui mwaka mzima. Ni kujua tarakimu kutoka 0 hadi 9. Ni kujua kutazama salio kabla ya kufanya lolote. Ni kujua kwamba aliyetuma kimakosa kweli anaweza kuomba kampuni irudishe, kwa kupeleka ujumbe ule kwa namba 456. Basi. Mzee anayejua hayo matatu ameokoa pesa nyingi kuliko bei ya katoni ya chaki.

2. Nyanya aliyekuwa mama mara ya pili

Hatuwezi kuzungumza juu ya wazee wa pande hizi bila kutaja ukimwi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulikuta karibu asilimia 20 ya watu wa Homa Bay wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na virusi, na Migori asilimia 13, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa karibu asilimia 5. Dawa zimepunguza vifo sana, tunashukuru. Lakini miaka ya vifo vingi ilituachia nyumba ambamo kizazi cha katikati hakipo. Yuko nyanya, wako wajukuu.

Nyanya huyo ndiye mzazi anayeitwa shuleni. Ndiye anayepewa kadi ya kliniki. Dawa ya mtoto hubadilishwa kadiri uzito wake unavyoongezeka, na tarehe ya kurudi imeandikwa pale pale kwenye kadi. Nyanya asiyeweza kuisoma anategemea kumbukumbu, au anamtegemea mtoto mwenyewe ambaye bado hajui kwa nini anameza dawa. Ukimfundisha nyanya huyu kusoma tarehe na saa, umemsaidia mzee au umemsaidia mtoto? Umewasaidia wote wawili kwa chaki moja.

Hapa ndipo jibu letu la kwanza lilipo. Mwasema tuwaangalie vijana. Sawa. Vijana wengi wanalelewa na nani?

3. Aliyestaafu akakaa

Sasa tumgeukie mwenye pensheni. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60. Mwalimu aliyeamka kwa kengele miaka 35, fundi wa kiwanda cha sukari cha Awendo, karani, muuguzi, wote siku moja wanapewa barua na kuambiwa asanteni. Wiki ya kwanza ni raha. Mwezi wa tatu mtu anaanza kuzunguka boma akitafuta kosa la kugombeza. Mke naye hajazoea kuwa na bwana nyumbani saa nne asubuhi! (Naona akina mama mnacheka, mnajua.) Wengine pesa ya mkupuo inaishia kwenye chang'aa na marafiki wapya. Wengine wananyamaza tu, na kunyamaza kwa mzee ni ugonjwa ambao zahanati haina dawa yake.

Huyu hahitaji kufundishwa a-e-i-o-u. Anahitaji sababu ya kuvaa viatu. Anaweza kujifunza kufuga nyuki, kupandikiza maembe, kutumia kompyuta, kucheza nyatiti ambayo babake alicheza na yeye hakupata nafasi. Msidharau mambo ya kupendeza moyo mkasema ni mchezo wa watoto. Vidole vinavyosuka kikapu havikakamai upesi, na akili inayohesabu kete za ajua haijaenda likizo.

Hili si jambo geni kwetu

Wengine mtasema haya ni mambo ya Wazungu. Kweli, kule Ufaransa, mjini Toulouse, Profesa Pierre Vellas alianzisha mwaka 1973 kitu walichokiita chuo kikuu cha umri wa tatu, yaani umri unaofuata utoto na kazi. Uingereza wakakipokea mwaka 1982 na kukigeuza: wazee wenyewe wakafundishana, bila mtihani, bila cheti. Aliyekuwa daktari anafundisha afya, na saa inayofuata yeye ni mwanafunzi wa mpishi.

Lakini hebu tukumbuke siwindhe. Haikuwa nyumba ya mwanamke mzee ambamo watoto walifundishwa hadithi, vitendawili na methali? Na duol haikuwa mahali pa wazee na vijana kuota moto na kufunzana mambo ya boma na ukoo? Mzee wa zamani hakustaafu kufundisha. Sisi ndio tumemstaafisha.

Na serikali zetu zilijaribu. Tanzania chini ya Mwalimu Nyerere iliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hapa kwetu Rais Moi alianzisha kampeni ya kisomo mwaka 1979, na wengi wenu mnakumbuka madarasa chini ya miti. Baadaye nguvu ilipungua, walimu wakawa wachache, na jina "ngumbaru" likageuzwa kuwa tusi. Tusi hilo limefunga madarasa mengi kuliko ukosefu wa vitabu.

Aliyelifuta tusi hilo ni Mzee Kimani Maruge. Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptura na soksi kama wenzake wa miaka sita. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka 2003, naye akasema kwa vitendo: bure hiyo ni yangu pia. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kusema juu ya elimu mbele ya viongozi wa dunia. Alifariki Agosti 2009. Na Nandi tumekuwa naye Gogo Priscilla Sitienei, mkunga, aliyekaa darasani na vitukuu vyake akiwa amepita miaka 90, mpaka alipofariki mwaka 2022.

Katiba ya mwaka 2010 nayo iko upande wetu. Kifungu cha 57 kinataja haki za wazee, yaani wenye miaka 60 na zaidi: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya jamaa na ya Serikali. Sikilizeni lile neno la pili: kujiendeleza. Mzee akija darasani hajaja kuomba msaada. Amekuja kuchukua haki yake.

Basi tuanzeje?

Tunapendekeza mambo haya, na kila kikundi kipime kulingana na mahali pake.

(a) Anzeni na mlicho nacho. Ukumbi wa parokia hauna mtu Jumanne na Jumatano. Walimu wastaafu mnao. Bodi ya ubao mweusi mnayo. Afisa wa elimu ya watu wazima yuko katika kaunti, mwendeeni mwandikishe darasa lenu.

(b) Chagueni siku kwa akili. Ijumaa na Jumamosi tuko matangani, tusidanganyane. Siku ya soko akina mama hawaji. Saa nane mchana ni nzuri, chakula kimeliwa na ng'ombe bado hajarudi.

(c) Macho kwanza. Wengi wanaosema "mimi siwezi kusoma tena" wanahitaji miwani tu. Ombeni muuguzi apime macho kabla ya somo la kwanza. Andikeni herufi kubwa. Tafuteni viti vyenye mgongo.

(d) Fundisheni kwa lugha ya nyumbani. Anzeni na Dholuo au Kikuria, kisha Kiswahili. Kule Rusinga na Mfangano wazee ndio waliobaki na Kisuba, lugha ambayo UNESCO imeiweka katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Pale mzee awe mwalimu, na watoto waje wamsikilize.

(e) Kila mmoja alete somo lake. Mfinyanzi wa vyungu, msusi wa mikeka ya mafunjo, mcheza nyatiti, fundi wa nyavu, wote ni walimu. Asiyejua kusoma akifundisha ufinyanzi saa moja, haoni aibu kushika kalamu saa inayofuata. Hili tumeliona mara nyingi, na ndiyo siri kubwa ya darasa la wazee kudumu.

Wanaume wako wapi?

Tuseme na hili bila kuficha. Madarasa haya hujaa akina mama. Mzee mwanamume anapita kando na bakora yake, anatazama, anaenda zake. Anaona haya kukosea mbele ya mke wa jirani. Msimgombeze. Mwiteni kwa jambo lingine: ajua, nyuki, hesabu za chama, sheria ya urithi wa shamba. Aje kama mshauri. Hesabu za chama zitamhitaji aandike jina lake, na hapo atamwita mwalimu pembeni mwenyewe. Mwalimu naye awe na adabu: asimsahihishe mzee kwa sauti, wala asimwite "mwanafunzi".

Wapendwa, turudi kwa lile swali la pesa. Miwani, chaki, madaftari na soda ya siku ya kufunga muhula, gharama yake mnaijua. Gharama ya shamba lililouzwa kwa kidole gumba, ya mtoto aliyekosa siku ya kliniki, ya mwalimu mstaafu aliyezikwa mapema kwa chupa, hiyo nayo mnaijua, kwa sababu ni ninyi mnaochanga wakati wa matanga. Tunachanga kwa ukarimu mzee akiwa amelala kwenye jeneza. Tuchange kidogo angali amekaa kwenye kiti.

Penye wazee hapaharibiki neno, walisema wa kale. Nasi tuhakikishe wazee wenyewe hawaharibikiwi mbele ya macho yetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wanaojua namba yao ya siri peke yao?
2. Nani kati yetu ana ujuzi ambao hakuna kijana aliyeurithi bado?
3. Ni siku gani na saa gani wazee wetu wanaweza kukutana bila kuvuruga soko, mifugo na matanga?
4. Ni mzee gani mwanamume tutakayemwendea kwanza, na tumwite kwa jambo gani?