Mgeni, mlima na sanduku letu
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubudi



Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji kwa kazi ya ONG tuliombwa kusema juu ya jambo moja. Vijana wetu waliandikia komite barua. Wanaomba sehemu ya pesa ya sanduku, waanze kazi ya kupokea wageni: watu wa Kolwezi, wa Likasi, wa Lubumbashi na wa ng'ambo, wanaotaka kutembea milima, kuona nyama wa pori, kulala kwenye baridi yetu ya mwezi wa sita. Wazee wengine walicheka. Walisema: "Nani atalipa makuta ili atembee kwa miguu? Sisi tulitembea bure, tena tulikuwa tunakimbia vita."

Neno hilo ni la kweli, na wengi hapa ndani wanajua uzito wake. Lakini watu wanaolipa wako, tena wako tangu zamani.

Kule Ufaransa, chini ya mlima Mont Blanc, iko mji mdogo, jina lake Chamonix. Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji, wengine walitafuta mawe ya kung'aa milimani. Mwaka 1786 watu wawili wa pale walifika juu ya mlima mara ya kwanza, na wageni wakazidi kuja. Mwaka 1820 theluji iliporomoka, ikaua waongozaji watatu waliokuwa wamepeleka wageni. Mwaka uliofuata, 1821, waongozaji wakafanya chama. Wakaweka zamu: kila mmoja anachukua mgeni kwa mpango wake, hakuna kugombania mtu barabarani. Wakaweka na sanduku la msaada kwa ajili ya wenzao na jamaa zao wakati wa ajali. Muone vizuri, ndugu zetu: sanduku la kusaidiana, sawa na hili letu. Lilianza kwa sababu ya wafu watatu.

Mtasema Ulaya ni mbali. Basi tuje karibu, kwa watu wa shaba kama sisi.

Nchini Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, iko Kilembe. Ni mji wa mgodi. Treni ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi ukaanza kutoa shaba. Walijenga kambi za wafanyakazi, hospitali, masomo, umeme wa mto. Mtu wa Kolwezi akifika pale hatapotea: nyumba za kambi ni zilezile, zimepangwa mistari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya shaba ikasimama. Kilembe ikabaki na nyumba, na watu wasio na mshahara, na mlima nyuma yao.

Mlima huo una kilele cha Margherita, mita 5,109, na barafu juu yake ijapokuwa iko karibu na ikweta. Upande wa pili wa bonde, Wakonzo walifanya chama chao cha waongozaji na wabebaji mizigo mwaka 1987. Miaka mingi baadaye njia nyingine ikafunguliwa kupitia Kilembe yenyewe, na leo wageni wanaanza safari kwenye mtaa wa Kyanjuki, katikati ya kambi za zamani za mgodi. Safari ni siku saba au nane. Mgeni mmoja hapandi peke yake: anahitaji mwongozaji, mpishi, wabebaji wa mahema, unga na makala. Njo pale makuta inapoingia nyumbani mwa watu: katika mgongo wa mbebaji, katika shamba la mama anayeuza viazi, katika sufuria ya mpishi.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana hatukuja kuuza ndoto. Mwaka 1997 vita iliingia milima ile, na pori la taifa likafungwa mpaka 2001. Mwezi wa tano 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mwaka 2020 mafuriko yalirudi, na ugonjwa wa korona ulifunga mipaka. Hapa kwetu Kongo, Pori la Virunga lilisimamisha wageni mwezi wa tano 2018 baada ya watu kutekwa njiani, likafungua tena 2019. Biashara ya wageni ni kama mahindi bila mvua: leo yamesimama kijani, kesho yamelala yote. Mtu aliyeacha shamba lake kwa ajili ya mgeni, siku hiyo atakula nini?

Na sisi Lubudi tuko na nini? Tuseme bila kuongeza chumvi. Tuko na reli: ile njia iliyofika Bukama mwaka 1918 inapita hapa. Tuko na Bunkeya ndani ya teritwari yetu, mji wa Mwami Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Kila mwaka tarehe hiyo watu wengi wanakusanyika pale. Hao ni wageni tayari, wanakuja bila sisi kuwaita, na wengine hawajui watalala wapi. Tuko na nyanda za juu, baridi na majani marefu. Na tuko majirani wa Pori la Upemba, lililowekwa mwaka 1939, lenye maziwa chini na milima ya Kibara juu. Ndani yake wako punda milia, wa mwisho katika nchi yetu. Yuko na swala wa maji wa Upemba, ambaye wataalamu walimpa jina lake la sayansi mwaka 2005 tu. Tangu 2017, ICCN inaongoza pori hilo pamoja na shirika la Forgotten Parks.

Lakini hatuna Margherita. Barabara za mvua mnazijua, treni mnaijua. Kuna vijiji ambako neno "pori" maana yake ni nyavu zilizochomwa na shamba lililokatazwa. Huwezi kumwambia mtu huyo apende punda milia kabla hujaongea naye juu ya samaki. Na usalama: wengi wetu tulikimbia toka upande ule ule wa Mitwaba ambao vijana wanataka kupeleka wageni. Hakuna kijana wa chama atakayeongoza mtu kule bila ruhusa ya wenye pori na habari za siku hiyo. Hilo si la kujadili.

Kwa hiyo tunaleta shauri hili mbele yenu, mlikate ninyi.

Kwanza, shamba linabaki mama. Pesa ya mbegu na ya mikopo ya bamama haiguswi. Vijana wapewe kutoka kwenye sehemu ya miradi mipya tu, na iwe mkopo, si zawadi.

Pili, tuanze na wageni walioko, si wale tunaowaota. Msimu wa kwanza uwe wa Bunkeya mwezi wa kumi na mbili: vyumba vinne safi katika nyumba za wanachama, choo kizuri, neti ya mbu, maji yaliyochemshwa, bukari na samaki kwa bei iliyoandikwa mlangoni. Watu wa Kolwezi wanaoenda kando ya ziwa la Nzilo siku ya Yenga wanajua kulipia mahali pazuri. Wakilala vizuri kwetu, watauliza wenyewe juu ya milima.

Tatu, zamu kama ya Chamonix. Jina la kila kijana kwenye daftari, na sehemu ya kila malipo inaingia sanduku la ajali kabla mtu hajanunua hata sukari. Mtoto wa mjumbe wa komite asubiri zamu yake sawa na mtoto wa mjane.

Nne, bamama wawe ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza. Mpishi na mwenye chumba walipwe mkononi mwao, si kupitia bwana wala kaka.

Kwenu wafadhili tuna neno moja, kwa heshima. Semina ya siku tatu na fulana zenye maandishi tumekwisha kupata, mara nyingi. Tunachokosa ni godoro, mafunzo ya huduma ya kwanza, buti, na mtu wa kurudi baada ya miezi sita kuangalia daftari pamoja nasi. Tukishindwa, tutawaonyesha daftari hilohilo.

Na kwenu wazee mliocheka: mmoja kati ya vijana walioandika barua ametoka karieri mwaka huu. Alitoka kwenye shimo akiwa mzima, wenzake hawakutoka wote. Hajaomba gari, hajaomba nyumba. Anaomba godoro nne na miezi kumi na miwili. Asipozipata hapa, njia ya shimo bado anaijua.

Kura ni yenu. Sisi tumemaliza.